Nimelipa, Nao Walipe

Robinvale, 6 Machi 2022

Dada yangu Melenaite,

Barua hii utaipokea kwa mkono wa Semisi wa Fakakakai, mkataba wake umekwisha. Nakusalimu kwa heshima yako yote, pamoja na nyumba yako, na mke wangu Pisila na wanangu ulio nao hapo chini ya jicho lako. Mimi sijambo, na watu ishirini na wawili wa kikundi changu hawajambo. Tangu waya wa chini ya bahari ukatike siku ile ya mlipuko wa volkano, kukupigia simu imekuwa kazi ya kusikiliza mlio mpaka mkono uchoke. Ndiyo maana naandika.

Niambie kweli kuhusu tangi la maji. Pisila ameandika kwamba majivu yameoshwa yakaisha, lakini Pisila hapendi kunipa habari mbaya. Wewe huna tatizo hilo.

Zabibu mwaka huu ni nyingi, ila mvua imezipasua na tunatupa kasha moja katika kila matano. Bwana Carbone, mwenye shamba, ananiambia mimi mnyapara nihimize watu. Nahimiza.

Sasa jambo lenyewe. Kila Alhamisi karatasi ya mshahara ikitoka, chini ya kodi na chini ya kodi ya nyumba kuna mstari wa bima ya afya, dola kumi na mbili. Ni lazima; bila hiyo viza hakuna. Msimu wangu ni wiki thelathini na nne, kwa hiyo ni dola mia nne na nane. Huu ni msimu wangu wa nane. Jumla elfu tatu mia mbili sitini na nne, na daktari sijamwona hata kwa kikohozi. Mwaka jana katika kikundi chote alikwenda mtu mmoja tu, kwa jino, akaambiwa meno hayamo.

Hapa mwenyeji akiugua anatoa kadi yake ya kijani, anatibiwa, anakwenda zake. Sisi tunakatwa kodi kama yeye, kadi hatupewi, halafu tunalazimishwa kununua bima juu yake. Na kwetu, ambako hatuna kitu, mtu anaingia hospitali ya Pangai na homa yake na anatoka amepona. Namlipia nani mimi?

Nilikuja hapa mara ya kwanza na begi la kuazima. Leo nyumba yangu ya matofali ndiyo iliyobaki imesimama wimbi lilipopita. Sikuijenga kwa kutoa fedha bila kuuliza zinakwenda wapi. Nimeandika ombi la kikundi kwa wakala wa kazi: ama mwajiri alipe, ama kila mtu aamue mwenyewe kuhusu mwili wake. Nakuomba umwone ofisa wa mji aandike mistari miwili na kupiga muhuri, kwamba kijiji kiko nyuma yetu.

Wako katika heshima,
Lisiate


Ha'ano, 2 Aprili 2022

Mdogo wangu Lisiate,

Semisi alifika na barua yako na zawadi zako, na Mungu ashukuriwe kwa yote mawili. Tangi tumelisugua mara tatu. Maji bado yana ladha ya kiberiti, watoto wanakunywa wakiwa wamebana pua. Binti wa baba yetu mdogo Mosese, Kalolaine, ametutumia paanga mia sita kutoka Sydney za kununua tangi jingine. Nadhani humkumbuki. Alipelekwa huko akiwa na miaka sita. Sasa anafanya kazi ya kutafsiri kwa simu, hospitali zinampigia wagonjwa wa kwetu wakishindwa Kiingereza. Sauti yake ni ya marehemu Mosese kabisa.

Wanao wazima. Vika alitaka kwenda shule ya Tongatapu, nimemkatalia kwa mwaka huu, na neno la shangazi unalijua. Mzee Pouono wa Pukotala amefariki. Kwa ajili ya korona tulimzika watu wachache, lakini mikeka ilifika yote. Pisila alitoa miwili na nguruwe wa kati. Sikusikia mtu akiuliza Pouono mwenyewe alitoa mikeka mingapi maishani mwake.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu bima yako. Unatoa ukiwa na nguvu, anakula aliyeanguka. Utasema kwetu unamjua marehemu. Kweli. Na siku ukianguka huko ugenini, ambako hakuna atakayekuletea mkeka, utataka watu usiowajua wawe wametoa au wawe wameandika ombi?

Lakini kwa kuwa uliniomba, nilikwenda kwa ofisa wa mji. Alisoma karatasi yako mara mbili, akaikunja, akanirudishia. "Mama," aliniambia, "nina majina arobaini na moja hapa yanasubiri nafasi. Lisiate akichoka kukatwa, wako wanaotamani kukatwa."

Muhuri hakupiga. Sikumlaumu.

Melenaite


Robinvale, 22 Mei 2022

Dada yangu Melenaite,

Natumaini barua hii inawakuta wazima na maji yakinyweka. Sisi zabibu zimekwisha, tumeanza kupogoa. Baridi ya asubuhi inakata vidole kabla ya mkasi.

Ombi limekufa. Walisaini kumi na wanne. Wakala alikuja na gari lake, akaongea nao mmoja mmoja akitabasamu, tisa wakafuta majina yao. Watu watano si ombi. Siwalaumu, kila mmoja ana paa la kuezeka.

Kuna jambo jingine na nitaliandika kwa ufupi, kwa sababu wewe ni dada yangu na ya mwilini hayapiti kati yetu. Mwezi uliopita nilinyanyua kasha nikapata shida. Nilikwenda zahanati. Daktari anasema ni upasuaji, na usicheleweshwe sana, maana ikija kukaba inaua. Kampuni ya bima imekataa. Wameandika kwamba ni ugonjwa wa kabla sijaja, na wa kabla hawaulipii. Upasuaji nikilipa mwenyewe ni dola elfu tisa na zaidi.

Basi umeona. Nilipokuwa mzima nilikuwa mtu wao. Nimeumwa, nimekuwa mtu wa zamani. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Septemba, na nikirudi nayo hivi daktari wa viza hatanipitisha tena. Misimu minane itakuwa imeishia hapo.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine iliyofungwa. Ni ya Pisila peke yake. Naomba umpe kama ilivyo.

Lisiate


(Bahasha ya ndani)

Pisila,

Soma ukiwa peke yako kisha uichome. Ni ngiri, upande wa kulia, imeshuka mpaka pale. Siwezi kumwandikia dada neno hilo na wewe hutamwambia.

Kukataliwa kwangu kuna sababu, na sababu ni mimi. Kiingereza changu ni cha mizabibu: kata, beba, haraka. Cha mwilini sina. Kwa hiyo daktari alipiga simu ya wakalimani akaiweka mezani, sauti ikisikika chumba kizima. Akapokea mwanamke. Hataji jina, anataja namba. Namba sabini na nne. Nikajisemea mwanamke si kitu, ni mgeni wa Sydney huko, hanijui. Nikafungua kifungo cha suruali tayari kwa kupimwa.

Nilipomsalimu akasema, "Mzee wangu, hiyo lafudhi ni ya Ha'apai."

Nikasema Ha'ano. Ungesema nini wewe? Unajua sisi, mtu haanzi kuongea kabla hajajua anaongea na nani. Akauliza Ha'ano kwa nani. Nikamwambia kwa Kepueli, mpiga kengele wa kanisa. Akasema, "Kaka, mimi ni Kalolaine wa Mosese."

Tulilia, Pisila. Baba yangu na baba yake, sauti ile ile. Daktari anatutazama, anatazama saa. Akasema kitu, Kalolaine akamjibu kwa Kiingereza, halafu akanigeukia: "Daktari anauliza unaumwa wapi."

Dada yangu ananiuliza hivyo. Suruali imefunguliwa na mkono nimeushikilia pale pale. Nikasema mgongo.

Daktari akautazama mkono wangu, akaitazama simu. Wakaongea wao kwa wao kidogo. Kalolaine akauliza ugonjwa ulianza lini. Nikasema zamani, tangu ujana, nimeuzoea. Maana maumivu ya zamani hayaulizwi maswali mengi, na nilitaka yaishe. Ningeomba mkalimani mwanamume, lakini kuomba tu kungekuwa sawa na kumwambia ni nini.

Daktari akazima simu, akanilaza, akaiona mwenyewe. Ila kwenye karatasi aliandika nilichosema: ya zamani, tangu ujana, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Kampuni ilisoma mstari huo mmoja ikafunga faili.

Navaa mkanda wa kuizuia isishuke. Usilie mbele ya dada.

L.


Ha'ano, 19 Juni 2022

Lisiate,

Salamu kutoka kwa wote. Viazi vikuu vimeanza kuchimbwa, vidogo kwa sababu ya majivu, lakini vipo. Kasisi anakuombea kila Jumapili kwa jina, na watu wameanza kuniuliza kuna nini. Nawajibu kwamba uko mbali, na hiyo inatosha kuombewa.

Bahasha nilimpa Pisila kama ilivyokuja. Aliingia nayo jikoni, akatoka macho mekundu, akasema ni moshi. Jiko halikuwa limewashwa. Sikumuuliza tena.

Ila nakuuliza wewe. Ulimwambia nini daktari? Kampuni haiwezi kuota kwamba kitu ni cha zamani, mtu amewaambia. Mimi nimekulea. Ulibeba mbao za paa la kanisa begani ukiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka juzi ulibeba saruji ya nyumba yako kutoka gatini mfuko mfuko, na katika nyumba hii hujawahi kulalamika hata kiuno. Kwa hiyo ama walisema uongo wao, ama ulisema wewe. Kama ni wewe, basi haki yao wanayo, na hasira zako zipeleke kwingine.

Rudi nyumbani. Kule hospitali ya Vaiola watakupasua na hutatoa hata senti. Utapoteza nauli na miezi michache na huo unyapara wako. Najua jibu lako: umelipa, nao walipe. Umelisema mpaka nalisikia nikifua nguo. Mtu anaweza kuwa na haki na akafa nayo, Lisiate, akaacha mjane kwenye nyumba nzuri ya matofali.

Kama hutaki kurudi, basi tuulize anayejua. Wiki ijayo boti likienda Pangai nitakwenda kwenye ofisi ya simu nimpigie Kalolaine. Mambo ya hospitali za huko ndiyo mkate wake, atatuambia pa kuanzia.

Melenaite


Robinvale, 10 Julai 2022

Dada,

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, naandika kwa haraka, kijana wa posta huko kwenu aharakishe na yeye.

Usimpigie Kalolaine. Usiniulize kwa nini.

Nimepata barua ya kampuni. Naruhusiwa kukata rufaa hadi tarehe kumi na tano Agosti, iwapo mtu aliyekuwepo siku ile ataandika kwamba maelezo yangu hayakuchukuliwa sawasawa. Waliokuwepo ni wawili. Daktari hajui neno hata moja la kwetu, ameniambia wazi kwamba yeye aliandika alichotafsiriwa. Huyo wa pili yupo, najua namba yake, na sitamwomba. Afadhali maumivu.

Unasema nirudi. Nikirudi sasa nakatwa nauli ya ndege pande zote mbili, natolewa kwenye orodha, na nafasi inakwenda kwa mmoja wa wale arobaini na mmoja wa ofisa wako. Sadaka ya kanisa ya mwisho wa mwaka itatoka wapi? Ada ya Vika? Nahesabu kila siku na hesabu haikubali. Misimu minane nimewapa fedha zao bila kuchelewa hata wiki moja. Siombi msaada, nadai changu.

Nitamaliza mkataba. Napogoa nimepiga magoti, vijana wanadhani nasali. Wameanza kuniita mchungaji.

Lisiate


Ha'ano, 14 Agosti 2022

Lisiate,

Barua yako imenifikia wiki iliyopita. Kalolaine nilimpigia tarehe ishirini na saba Juni. Ulichelewa.

Nilipanga foleni Pangai kwa muda wa saa mbili, mbele yangu mwanamke aliyekuwa anauza nguruwe kwa simu. Nilipopata zamu nilimweleza Kalolaine kwamba umeumwa huko, kwamba bima imekukataa kwa kuwa imeandikwa ni ya zamani, na kwamba hapa kijijini hakuna aliyewahi kusikia habari hiyo. Nikamuuliza tuanzie wapi. Nilidhani setilaiti imekata, nikaanza kugonga simu.

"Usigonge, dada," akasema. "Aliyemtafsiria kaka kwa daktari, namba sabini na nne, ni mimi."

Tukazungumza dakika kumi na tisa. Ugonjwa wako haukutajwa hata mara moja, nataka ulijue hilo. Sisi wanawake wawili tulizunguka pembeni yake mwanzo hadi mwisho, na kila mmoja alijua mwenzake anajua.

Nitakuandikia alichoniambia kwa sababu kinakuhusu. Uliposema mgongo, daktari alimwambia: mwulize tena, mkono wake uko mahali pengine. Maneno hayo Kalolaine hakuyatafsiri. Aliyameza. Uliposema ni ya zamani, alijua ni uongo, akaupeleka vile vile kwa Kiingereza safi. Sheria ya kazi yao ni kwamba ukimkuta ndugu kwenye simu unasema papo hapo na kumwachia mwingine.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningeaga wakati ule," akanijibu, "kaka angejua nimeelewa. Nikaona bora nisielewe."

Basi wewe ulimlinda yeye na yeye akakulinda wewe, na kati ya heshima zenu mbili daktari akaandika upuuzi. Sijui kama nilie au nicheke. Nilipokuwa kwenye simu sikufanya lolote kati ya hayo.

Akasema anaweza kuandika barua. Aeleze kwamba mgonjwa alikuwa kaka yake, kwamba kwa desturi yetu usingeweza kusema ukweli akisikia, na kwamba swali la daktari lilifichwa. Barua hiyo ingetosha. Na akiiandika ataondolewa kazini, maana itakuwa amekiri kwa mkono wake. Miaka kumi na moja kwenye kazi ile. Ana watoto wawili na mume alishaondoka.

Akaniuliza, "Dada, niandike?"

Mimi ndiye mkubwa wa watoto wa Kepueli na Mosese. Hakuwa ananiomba ushauri, alikuwa ananipa neno nilitamke. Nikamwambia aandike. Akasema ndiyo, dada. Hakurudia kuuliza.

Usidhani nilisita. Kazi yake upande mmoja, kaburi lako upande mwingine, nilichagua kabla foleni nyuma yangu haijaguna. Ila nataka ujue kulikuwa na njia ya tatu. Ungerudi Juni nilipokuambia, Vaiola wangekupasua, wewe ungepoteza unyapara, na yeye angekuwa bado na mkate wake. Ulikataa kwa sababu umelipa.

Melenaite


Robinvale, 2 Oktoba 2022

Dada Melenaite,

Nakusalimu. Nimepona, au naendelea kupona. Nilipasuliwa tarehe nane Septemba. Chumba kilikuwa na televisheni na niliwekewa jeli ya kijani kila mlo. Nisibebe kitu wiki sita. Kikundi kilikuja Jumapili na kuku wa kuchoma na magimbi, wakaimba mpaka nesi akafunga mlango.

Kampuni imelipa yote, dola elfu tisa mia tatu na arobaini. Nimefanya hesabu, na kwa kuwa nimezoea kuwaonyesha wengine hesabu zangu zinapowauma, nakuonyesha na hii. Ukitoa elfu tatu mia mbili sitini na nne nilizolipa mimi, zinabaki elfu sita na sabini na sita ambazo si zangu. Ni misimu karibu kumi na mitano ya mtu mwingine. Feleti, yule aliyesaini ombi langu wa kwanza, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanigusa bega. "Mnyapara," akasema, "wiki zangu zote ziko tumboni mwako. Zitunze." Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, na mshono ukauma.

Hayo ya fedha nayameza. Jingine halimezeki. Barua ya kampuni ya kunikubalia ilinakili maelezo ya mkalimani neno kwa neno, na wakala ndiye aliyenisomea, ofisini, mbele ya Feleti na karani. Dada yangu Kalolaine ameandika kwa mkono wake mahali nilipokuwa nimeweka mkono wangu. Limeandikwa, na jina langu juu yake.

Hukuniuliza. Ulikuwa na wiki nzima kabla ya boti, ungeweza kusubiri jibu langu. Ulitoa amri juu ya mwili wangu kama unavyotoa amri juu ya shule ya Vika. Najua una haki hiyo. Nasema tu kwamba hukuniuliza.

Kalolaine ameachishwa. Nimesikia kwa watu. Nilipeleka dola elfu mbili kwenye akaunti yake kwa benki. Zimerudi baada ya siku tatu bila neno. Nikapeleka tena, zikarudi tena, na benki ikakata dola kumi na tano kila safari. Mwambie achukue. Kumwandikia mwenyewe siwezi, ningeanza na nini?

Bwana Carbone anataka niongeze mkataba hadi mwisho wa zabibu, kusimamia tu, bila kubeba. Nimemwambia nitafikiri. Kusema kweli nimechoka, nataka kuja Krismasi. Nimekata tikiti ya tarehe kumi na nne Desemba. Waambie watoto.

Lisiate


Ha'ano, 6 Novemba 2022

Lisiate,

Mungu ashukuriwe kwa afya yako. Watoto sijawaambia habari ya tikiti, na utaona kwa nini.

Watu sita wa kikundi chako walirudi mwezi uliopita. Wewe unawajua, hawana ubaya. Usiku wa kwanza wa kunywa kava walisimulia kuhusu mnyapara wao, simu na suruali, na wanaume walicheka mpaka wakamwaga bakuli. Asubuhi wake zao walikuwa na habari hiyo kisimani. Kufika Jumapili hakukuwa na mtu Ha'ano asiyejua kwamba binti ya Mosese ameandika habari za mwili wa kaka yake na kuzipeleka kwa wazungu. Wewe wamekufanya mzaha. Yeye hawakumfanyia mzaha. Ofisa wa mji aliniuliza kwa upole kama ni kweli kulelewa Sydney kunaondoa haya kabisa.

Nilimjibu kwamba aliandika kwa amri yangu. Akatazama chini. Hakuniamini, na akiniamini haitabadilisha kitu. Mtu wa umri wangu hasemwi, basi lazima asemwe yeye.

Kalolaine amenipigia, waya mbovu, nusu nimesikia. Kodi ya nyumba ya Sydney hawezi tena. Amejaribu kazi ya kusafisha maofisini, haitoshi na watoto wanabaki peke yao. Anarudi nyumbani na wanawe wawili ambao hata lugha yetu wanaijua kwa kuchechemea. Atafika wiki ya pili ya Desemba na atakaa kwangu. Nilimwambia kuhusu dola zako elfu mbili. Hakukasirika. Alisema tu kwamba akizichukua itakuwa ameiuza barua.

Sasa nisikilize vizuri. Ua wangu na ua wako zinagawanywa na mstari wa mananasi. Jikoni kwangu anaonekana aliyeko barazani kwako. Kanisani benchi ni moja kwa jamaa yetu. Ninyi wawili hamwezi kukaa chini ya paa moja tena, wala kupita njia moja, na kila mtakapokwepana kijiji kizima kitakumbuka ni kwa sababu gani. Wewe mwanamume utacheka nao kwenye kava na litapita. Yeye atabaki ndani na watoto wake, anasubiri utoke ndipo aende kuchota maji.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Nimemwambia Pisila, alilia, na safari hii hakusingizia moshi. Ni mmoja wenu tu anayeweza kuja Krismasi hii, na nadhani mwaka kesho pia. Wewe una kazi huko, una mahali pa kulala, na ukiugua watu watakulipia. Yeye alivyokuwa navyo amevitoa.

Nimemchagua yeye. Rudisha tikiti, usaini mkataba wa Bwana Carbone. Watoto nitawaambia umebanwa na zabibu.

Melenaite